Barua ya wazi kwa wasimamizi wa klasta: ipeni foleni vipimo vya kweli

Kwa wasimamizi wa klasta za kompyuta katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti zinazotumia Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi kwenye kompyuta nyingi zilizounganishwa,

YAH: VIPIMO VYA FOLENI, UJUMBE WA MAKOSA, NA NODI ZISIZORUDI BAADA YA UMEME KUKATIKA

Salamu na heshima kwenu.

Tunaandika kama watumiaji wa kila siku wa foleni hizi: watu wa jenetiki, wa hali ya hewa, wa lugha, wa uhandisi, pamoja na wale wanaowasaidia wenzao kuandika skripti ya kwanza. Foleni inapokwama, neno la kwanza linalosikika vikaoni ni kwamba mashine hazitoshi. Pengine ni kweli. Lakini kabla ya kuandika andiko la kuomba nodi mpya, yaani kompyuta za kuongeza kwenye klasta, fungueni `sinfo`, amri inayoonyesha hali ya nodi, mchana wa siku ya kazi. Mkiona nodi zenye hali ya `idle` (tupu) au `mix` (zimejaa kwa sehemu) huku `squeue`, orodha ya foleni, ikionyesha mamia ya kazi zenye `PD` (zinazongoja), chunguzeni kwanza vipimo ambavyo kazi hizo zimeingia navyo. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo mnaviweka ninyi ndani ya `slurm.conf`, faili la mipangilio ya Slurm, hata pale mnapodhani mmemwachia mtumiaji.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo foleni nyingi zinapougulia. Kwenye mstari wa `PartitionName`, unaotaja mgawanyo mmoja wa foleni, kigezo cha `DefaultTime` kisipoandikwa, kila asiyetaja muda hupewa kikomo kilekile cha `MaxTime`, muda wa juu kabisa. Kwa hiyo klasta yenye `MaxTime=7-00:00:00` bila `DefaultTime` huipokea kazi ya dakika 40 na kuiandikisha kuwa ya siku 7. Mwenye kazi hana habari. Hakudanganya, hakuulizwa.

Tazameni hesabu inavyokwenda. Tuseme klasta ina nodi 10, na sasa ni saa 8 mchana. Nodi 6 zina kazi ambazo kikomo chake ni saa 2 usiku, nodi 4 ziko wazi. Aliye mbele kwenye foleni anataka nodi zote 10, kwa hiyo kazi yake itaanza saa 2 usiku. Zile nodi 4 zina pengo la saa 6. Mpangaji wa `sched/backfill`, ambaye kazi yake ni kujaza mapengo, hupitisha kazi ndogo humo kwa sharti moja: isimcheleweshe aliye mbele. Kazi iliyoomba saa 5 kwenye nodi moja inapita. Ile ya dakika 40 iliyoandikishwa siku 7 haipiti. Nodi 4 zinakaa bure kwa saa 6, na kama kila nodi ina kore (vitengo vya kuchakata) 32, hizo ni saa-kore 768 zilizomwagika alasiri moja, mbele ya watu waliokuwa wanazingoja.

Kwa hiyo tunaomba `DefaultTime=01:00:00` kwenye kila mgawanyo wa foleni. Wakati huohuo angalieni `bf_window` ndani ya `SchedulerParameters`. Chaguo-msingi lake ni dakika 1440, yaani siku moja mbele. Klasta inayoruhusu kazi za siku 7 inahitaji mpangaji anayeona siku 7, ambazo ni dakika 10080. La sivyo kazi kubwa zinaweza kusukumwa mbele tena na tena na ndogo zinazopita. Mkiongeza dirisha hilo, pandisheni na `bf_resolution` kutoka sekunde 60 hadi 600, maana mpangaji akichungulia wiki nzima kwa vipande vya dakika moja atalemewa na hesabu.

Kumbukumbu ya mashine, ile RAM, ina ugonjwa unaofanana na huo, na pengine mkali zaidi kwa sababu hauonekani haraka. Pale ambapo `SelectTypeParameters` ni `CR_Core_Memory`, yaani Slurm inagawa kore pamoja na kumbukumbu, na hakuna `DefMemPerCPU`, kipimo cha kumbukumbu kwa kila kore, kazi isiyotaja kumbukumbu hupewa kumbukumbu yote ya nodi. Mtu anaomba kore 1 kati ya 32, Slurm inamkabidhi GB 128 zote, na kore 31 zinazobaki haziwezi kupokea mtu. `sinfo` itasema `mix`, mtazamaji atadhani nodi ina nafasi, na foleni itaendelea kurefuka. Dawa ni mstari mmoja. Kwa nodi ya GB 128 na kore 32, toeni kwanza fungu la mfumo wenyewe, halafu gaweni: `DefMemPerCPU=3800` inampa kila mwenye kore moja MB 3800, na kore 32 zote zikijaa jumla ni MB 121600, kwa hiyo mfumo wa uendeshaji unabaki na nafasi ya kupumua.

Hapo tunawakumbusha jambo linalowaumiza wageni kila muhula. Kipimo cha `--mem` kisichotajiwa herufi ni megabaiti. Anayeandika `--mem=16` akidhani ni GB 16 ameomba MB 16, na programu yake inauawa kabla haijafungua faili la kwanza. Aandike `--mem=16G`. Upande wa muda, `--time=2:00` haimaanishi saa mbili. Ni dakika 2 na sekunde 0. Saa mbili ni `--time=02:00:00`, siku mbili na nusu ni `--time=2-12`, na namba tupu kama `--time=30` ni dakika. Kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri kuna mtego mwingine juu ya huo. Mtu anayetaka kazi yake ianze saa 2 usiku akaandika `--begin=02:00` ameiagiza ianze saa 8 usiku, kwa sababu Slurm huhesabu kuanzia usiku wa manane. Alitakiwa kuandika `--begin=20:00`. Matangazo yenu ya matengenezo nayo yana mtego huohuo: andikeni "saa 2:00 usiku (20:00)", kwa namna zote mbili, kila mara.

Makosa haya yote yangeweza kukamatwa pale pale mtu anapobonyeza `sbatch`, amri ya kuwasilisha kazi, na chombo mnacho tayari. Wekeni `JobSubmitPlugins=lua`, kisha faili la `job_submit.lua` kwenye folda ileile ya `slurm.conf`:

```
function slurm_job_submit(job_desc, part_list, submit_uid)
   if job_desc.time_limit == slurm.NO_VAL then
      slurm.log_user("Hujataja muda. Mfano: --time=02:00:00 ni muda wa saa 2.")
      return slurm.ERROR
   end
   return slurm.SUCCESS
end

function slurm_job_modify(job_desc, job_rec, part_list, modify_uid)
   return slurm.SUCCESS
end
```

Funksheni zote mbili ziwepo, hata kama ya pili haifanyi kitu. Ujumbe unaweza kuwa wa Kiswahili kabisa. Herufi zetu hazina alama za juu wala za chini, hakuna terminali itakayoziharibu. Msijaze humo hesabu nzito au maombi ya kwenda hifadhidata, kwa sababu faili hili hutekelezwa na `slurmctld`, programu kuu inayoendesha foleni, yenyewe kwa kila kazi inayoingia, na likizubaa foleni nzima inazubaa. Kama kukataa kazi kunaonekana kukali mno, bakini na `DefaultTime` peke yake. Sisi tunapendelea kukataliwa. Anayekataliwa anapoteza sekunde 5 na kujifunza. Anayekatiwa kazi baada ya saa moja anapoteza saa nzima na pengine hajui kwa nini.

Kwa sababu hiyohiyo wekeni `EnforcePartLimits=ALL`. Chaguo-msingi ni `NO`, na maana yake ni kwamba mtu anayeomba siku 10 kwenye foleni ya siku 7 anapokelewa vizuri, anapewa namba, kisha anangoja milele akiwa na sababu ya `PartitionTimeLimit`. Wengi hawaisomi sababu hiyo. Wanadhani foleni ni ndefu.

Na hapa tunafika kwenye safu ya mwisho ya `squeue`, ile yenye mabano, ambayo ndiyo sauti pekee ya foleni kwa mtu anayengoja. Tunaomba ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuieleza, uonekane mtu anapoingia kwenye klasta. `Priority` maana yake kuna walio mbele yako. `Resources` ni habari njema kidogo: umefika mbele, unangoja nafasi ifunguke. `Dependency` inangoja kazi nyingine imalizike, lakini `DependencyNeverSatisfied` imeshakufa ikiwa imesimama: kazi iliyotegemewa ilifeli, na hii itabaki foleni hadi mtu aifute kwa `scancel`, isipokuwa kama aliiwasilisha na `--kill-on-invalid-dep=yes`. `JobHeldUser` umeisimamisha mwenyewe, iachie kwa `scontrol release`. `JobHeldAdmin` mmeisimamisha ninyi, na mwenye kazi hawezi kuiachia. Sababu zinazoanza na `QOSMax` au `AssocGrp` zinasema mtu au kikundi chake kimegonga ukomo, hata nodi zingekuwa tupu. `ReqNodeNotAvail` mara nyingi hutokea siku chache kabla ya matengenezo: kazi ya siku 5 haiwezi kuanza Jumatano kama mmefunga nodi kuanzia Ijumaa. Mwenye kazi anaweza kujiokoa mwenyewe akijua, kwa `scontrol update JobId=4821 TimeLimit=1-00:00:00`, kwa sababu Slurm inamruhusu kila mtu kupunguza muda wa kazi yake. Kuongeza ni ruhusa yenu. Tuelezeni basi ombi la kuongeza muda lipelekwe kwa nani, na kama litasomwa hata usiku wa Jumamosi.

Tunajua nanyi mna malalamiko juu yetu, na moja ni la haki kabisa. Watu wanaacha `watch -n 1 squeue` ikizunguka siku nzima. Watu 20 wakifanya hivyo ni maombi 20 kila sekunde, 72,000 kwa saa, yote yanaelekezwa kwa `slurmctld` ileile inayopaswa kupanga kazi. Matokeo yake ni ule ujumbe wa `Socket timed out on send/recv operation` unaompata hata aliyekuja kuwasilisha kazi moja tu. `sdiag` itawaonyesha ni nani anayeuliza sana. Lakini jiulizeni kwa nini watu wanachungulia hivyo. Kwenye klasta nyingi `--mail-type=END,FAIL` inakubaliwa bila kosa lolote, halafu barua pepe haifiki, kwa sababu hakuna aliyesanidi programu ya kutuma barua iliyotajwa kwenye `MailProg`. Mtu asiyeweza kuarifiwa atachungulia. Rekebisheni barua pepe kwanza, kisha muwashe `rl_enable` kwenye `SlurmctldParameters`, inayopatikana tangu toleo la 23.02, ili anayezidisha apunguzwe kasi peke yake bila kuwaumiza wengine.

Lalamiko jingine ni kitanzi cha `for` kinachoita `sbatch` mara elfu moja. Hili nalo mlifundishe waziwazi: `--array=1-1000%50`, yaani safu ya kazi, inaingiza kazi 1000 kwa ombi moja, na zisizidi 50 zinazoendeshwa kwa wakati mmoja. `MaxArraySize` isipobadilishwa ni 1001, kwa hiyo namba ya juu kabisa ni 1000, na anayeandika `1-5000` anakataliwa kwa maneno yasiyomweleza ukomo ni upi. Utajeni kwenye ukurasa wenu. Kazi fupi mno hazistahili hata safu: kazi 5000 za sekunde 20 kila moja zifungwe mafungu ya mia mia, zibaki kazi 50 za takribani dakika 33. Kila kazi ina gharama ya kuanzishwa na kufungwa, na kwenye kazi ya sekunde 20 gharama hiyo huanza kulingana na kazi yenyewe. Kuna na ukomo wa klasta nzima, `MaxJobCount`, ambao chaguo-msingi lake ni 10000. Mtumiaji mmoja mwenye kitanzi akiujaza, kila mtu mwingine anakataliwa, wakiwemo wenye haraka ya kweli.

Sasa umeme. Miongozo mingi tunayoisoma imeandikwa kwa vyumba vya seva ambavyo haviujui mgao. Kigezo cha `ReturnToService` kisipoguswa ni 0: nodi iliyowekwa `DOWN` inabaki hivyo hadi msimamizi airudishe kwa mkono. Hata kikiwekwa 1, nodi iliyozimika na kuwaka yenyewe hubaki nje, na `sinfo -R` itaonyesha `Node unexpectedly rebooted`. Umeme ukikatika Ijumaa usiku kwa dakika 10, klasta nzima inaweza kulala hadi Jumatatu asubuhi ikiwa imewaka, ina afya, na haina kazi hata moja. Tunaomba `ReturnToService=2`, pamoja na `HealthCheckProgram` inayohakikisha hifadhi ya pamoja imeunganishwa na kadi za GPU zinaonekana kabla nodi haijapokea kazi. Bila ukaguzi huo msifungue 2. Nodi iliyorudi bila hifadhi inakula foleni: kila kazi inayopewa inafeli ndani ya sekunde moja, nodi inakuwa wazi tena, inapewa nyingine, na ndani ya dakika chache imeteketeza kazi za watu wote. Hifadhi ya `StateSaveLocation` nayo iwe kwenye diski iliyo nyuma ya betri za dharura, maana foleni yote imeandikwa humo.

Upande wetu hapo kuna wajibu. `JobRequeue` ni 1 kwa kawaida, kwa hiyo kazi iliyokatwa na nodi kufa hurudishwa foleni, lakini huanza upya kutoka mstari wa kwanza na kufuta faili la matokeo la awali. Mwenye kazi ndefu aweke `--open-mode=append`, na programu yake ihifadhi hatua iliyofikia kila baada ya muda. Pale muda unapokaribia kwisha, `--signal=B:USR1@300` hutuma ishara dakika 5 kabla; skripti yenye `trap` inaipokea na kuhifadhi. Bila hivyo kinachokuja ni `SIGTERM`, ishara ya kuitaka programu ifunge, kisha baada ya sekunde 30 za `KillWait` ni `SIGKILL`, inayoiua papo hapo, na hapo hakuna cha kuokoa.

Tuko tayari pia kupima kabla ya kuomba. Hatua tunazowafundisha wageni ni hizi: endesha sampuli ndogo, kisha `seff 4821`, au pale isipokuwepo, `sacct -j 4821 --format=JobID,Elapsed,ReqMem,MaxRSS,State,ExitCode`. Soma `MaxRSS`, kilele cha kumbukumbu iliyotumika, kwenye mstari unaoishia `.batch`, au `.0` kama programu iliitwa kwa `srun`, maana ule wa juu huwa mtupu. Ongeza asilimia 20, kwa sababu kipimo hiki kwa kawaida huchukuliwa kila sekunde 30 na kilele cha sekunde chache kinaweza kupita bila kuonekana. `OUT_OF_MEMORY` ikitokea, ongeza kumbukumbu, usiongeze kore. Lakini yote haya yanadai `slurmdbd`, programu ya uhasibu ya Slurm, iwe inafanya kazi. Kwenye klasta ambako `sacct` inajibu kwamba uhasibu umezimwa, mnatuomba tupime vizuri huku mmeondoa mizani.

Kuna makosa mengine ambayo ukurasa wenu uyataje kwa sentensi moja moja. Mistari ya `#SBATCH` iliyo chini ya amri ya kwanza haisomwi. Vigeu kama `$USER` havitafsiriwi ndani ya mistari hiyo. Tumieni `%u` (mtumiaji), `%x` (jina la kazi) na `%j` (namba ya kazi) kwenye jina la faili la matokeo. Folda iliyotajwa kwenye `--output` isipokuwepo, kazi inafeli bila kuacha hata neno moja. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows isafishwe kwa `dos2unix`. Ukibadilisha skripti baada ya kuiwasilisha, Slurm inatumia nakala ya zamani, ingawa programu inayoitwa ndani yake itasomwa ilivyo siku ya kuendeshwa. Na tangu toleo la 22.05, `srun`, amri inayoanzisha programu ndani ya kazi, hairithi tena `--cpus-per-task` (idadi ya kore) kutoka `sbatch`: mtu anaomba kore 16, programu inapewa 1, na anadhani klasta imezeeka. Aandike `export SRUN_CPUS_PER_TASK=$SLURM_CPUS_PER_TASK` kabla ya `srun`.

Tunapendekeza muanze na `DefaultTime`, `DefMemPerCPU` na `EnforcePartLimits`. Tangazeni wiki mbili kabla, kwa sababu zipo skripti za zamani zilizokuwa zinaishi kwa kumbukumbu ya nodi nzima bila wenyewe kujua, nazo zitaanza kufeli siku hiyohiyo. Kuwasha upya `slurmctld` hakuui kazi zinazoendelea, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja matengenezo ya mwisho wa mwaka. Ukurasa wa Kiswahili wa sababu za `squeue` na wa makosa ya skripti tutauandika sisi. Tunachohitaji ni mtu mmoja upande wenu wa kuukagua dhidi ya vigezo halisi vya klasta yenu, na ruhusa ya kuuweka kwenye ujumbe wa kuingilia.

Tunangoja majibu yenu.

Ni sisi,
Watumiaji wa foleni zenu